Macho ya manjano: Alama pekee hazitoshi

Katika vyumba vya dharura, matabibu hujumlisha alama za dalili ili kumtambua upesi aliye hatarini. Kisa cha Kitui na Makueni chaonyesha mipaka ya mbinu hiyo.

Mwaka wa 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafariki, wengi wao wakitoka wilaya hizo mbili, baada ya kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Kigezo cha wachunguzi kilikuwa chepesi: macho kugeuka manjano ghafla kwa mtu asiyewahi kuugua ini. Kilifaa kwa kuwa mkurupuko ulikuwa umeshajulikana. Mwaka wa kawaida, dalili iyo hiyo yaweza kuwa ya malaria kali au homa ya ini, na sumu isishukiwe.

Uzito wa dalili hubadilishwa na swali moja: mgonjwa amekula nini, na nani mwingine anaugua kwake? Sumu hiyo haina dawa mahususi ya kuipoza. Jibu likichelewa, jamaa waliobaki nyumbani huendelea kupakua ugali kutoka ghala lile lile. Machakos jirani ilikwisha kuonja msiba huo mwaka wa 1981.