Sayansi ya mazingira si makombo ya karamu

Kila yanapotangazwa matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, wazazi na watoto wao hushikwa na pilikapilika za kuchagua masomo ya chuo kikuu. Udaktari, uanasheria na uhandisi ndio hutajwa kwanza. Sayansi ya mazingira hubakia mkiani mwa orodha, mithili ya makombo ya karamu waliyowekewa waliochelewa. Hata baadhi ya walimu wetu huwaambia wanafunzi kwamba hiyo ni elimu ya kupanda miti, na kwamba kupanda mti hakuhitaji shahada.

Dhana hii ni potovu, na watu wameilipia kwa afya yao.

Hebu tutazame yaliyowapata wakazi wa Owino Uhuru, mtaa wa wanyonge mjini Mombasa. Kuanzia mwaka wa 2007 hadi 2014, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi kiliendesha shughuli zake ubavuni mwa nyumba zao. Sumu ilipenya katika hewa, udongo na maji, na hatimaye katika damu ya watoto. Bi Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa na kiwanda hicho, alianza kukipinga baada ya mwanawe mchanga kupatikana na madini hayo mwilini. Mnamo Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufani iliutengua uamuzi huo, lakini Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo mnamo Desemba 2024.

Kesi kama hiyo haisimami kwa machozi pekee. Husimama kwa vipimo: ni kiasi gani cha risasi kimo katika udongo, katika vumbi la paa na katika damu ya mtoto. Waama, anayejua kuchukua vipimo hivyo mapema, kabla ya kiwanda kuwasha tanuri, huokoa maisha ambayo hayawezi kurejeshwa na fidia yoyote.

Sheria yenyewe inatambua haja hii. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka wa 1999 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari zake kabla ya kuanzishwa, na viwanda vikaguliwe baada ya kuanza kazi. Ripoti hizo haziandikwi na yeyote yule. Sharti ziandaliwe na wataalamu waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 nacho kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na salama.

Kwa hivyo kazi zipo, na si za aina moja. Kuna za kukadiria athari za barabara na mabwawa, kusimamia majitaka na taka za miji, kuhifadhi vyanzo vya maji na kuzishauri serikali za kaunti zetu 47. Kule Gazi, Kaunti ya Kwale, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja huuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na mikoko, na mapato husaidia shule na miradi ya maji. Biashara hiyo haingewezekana bila wanasayansi wa kupima mikoko na kukokotoa kaboni iliyomo.

Hata hivyo, tusiwadanganye vijana. Shahada pekee haimfungulii mtu mlango wa ofisi za Umoja wa Mataifa pale Gigiri. Mwanafunzi asiyependa kemia, hesabu za takwimu, ramani na sheria atajikuta amebeba cheti kisicho na ujuzi. Mhitimu naye hana budi kuanza chini ya wakongwe, akipima maji mtoni na kujaza daftari juani, kabla ya kuaminiwa kutia sahihi yake.

Na hapo kwenye sahihi ndipo penye kiini cha mambo. Chini ya utaratibu wetu, mtaalamu hulipwa na mwenye mradi anaoutathmini. Kijana mwenye deni la karo na wazazi wanaomtegemea atathubutuje kumwandikia tajiri wake kwamba mradi haufai? Mnamo Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilibatilisha leseni ambayo mradi wa umeme wa makaa ya mawe kule Lamu ulikuwa umepewa na NEMA mwaka wa 2016. Moja ya sababu kuu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ripoti ilikuwapo, kilichokosekana ni sauti ya wavuvi na wakulima ambao maisha yao yalikuwa hatarini.

Serikali yapaswa kuutazama upya utaratibu huu. Ingefaa malipo ya wataalamu yapitie hazina ya pamoja, na mwenye mradi asiruhusiwe kujichagulia mkaguzi. Kaunti nazo ziajiri maafisa wa mazingira wa kutosha, kisha ziwape maabara na magari, si meza na kiti pekee. Vyuo vikuu navyo viwapeleke wanafunzi mitoni na viwandani, na maadili ya kazi yafunzwe kwa uzito ule ule wa kemia.

Kwenu walimu, msiwapeleke katika somo hili wale tu waliokosa nafasi kwingine. Wapelekeeni wenye akili pevu na uti wa mgongo. Nawe mwanafunzi, ukilichagua, jua kwamba siku moja utaletewa karatasi utie sahihi, na mtoto wa mtaa fulani usioujua atakunywa maji kwa kuitegemea sahihi hiyo.