Kumbukumbu za Simu na Sitara ya Nyumba

Leo twalijibu suali tuliloulizwa na mama mmoja baada ya darasa ya alasiri. Mama huyu ana nduguye afanyaye kazi Maskati, na kwa miaka mingi ada yao ni kuzungumza kwa simu kila Ijumaa. Miezi michache iliyopita kijana wa jirani yake alichukuliwa na askari, akaulizwa juu ya kila nambari iliyokuwamo katika kumbukumbu za simu yake: huyu ni nani, mwajuana wapi, mbona alikupigia usiku. Aliachiliwa bila ya shtaka lolote. Lakini mama wetu tangu siku ile amemwambia nduguye asimpigie tena. Akatuuliza: je, nimekata udugu?

Upande wa mama jibu si refu. Kuunga udugu ni wajibu, na hofu ya jambo ambalo halijatokea haiuondoi wajibu huo. Angaa salamu fupi, angaa kwa mkono wa msafiri. Lakini tukikomea hapo tutakuwa tumemhukumu mwenye hofu, na aliyeitia hofu hiyo nyumbani mwake hatukumgusa.

Wengi humtuliza mama kama huyu kwa kumwambia: asiye na kosa anaogopa nini? Tena huongeza kwamba serikali haisikilizi maneno, yaangalia nambari tu. Basi natuzitazame hizo nambari. Kila upigapo simu, kampuni huandika nambari yako na ya uliyempigia, saa, muda wa mazungumzo, na mnara ulioipokea simu yako, ambao waonyesha sehemu uliyokuwa. Maneno hayamo. Sasa fikirini mke aliyempigia mamake usiku wa manane, mazungumzo ya saa nzima, na asubuhi yake akapiga ofisi ya Kadhi. Au msichana aliyempigia mkunga mara tatu katika juma moja. Ni nani anayehitaji kusikia hata neno moja? Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwaomba watu 823 waliojitolea wawape kumbukumbu za simu zao, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Kwa orodha hizo walitambua kuwa mmoja wao ana maradhi ya mapigo ya moyo, na mwingine ana bunduki.

Huko huko Marekani, Juni 2013, ulimwengu ulijua kupitia kwa Edward Snowden kwamba serikali ilikuwa ikizikusanya kumbukumbu za simu za mamilioni ya raia wake, kila siku, wakiwamo wasioshukiwa kwa lolote. Mahakama ya rufani ya New York iliamua Mei 2015 kuwa sheria iliyotajwa haikuruhusu jambo hilo, na mwezi uliofuata bunge lao likaibadilisha.

Kwetu Kenya, Katiba ya 2010, kifungu cha 31, yampa kila mtu haki ya faragha. Yataja mwili wake, nyumba yake na mali yake, kisha yataja habari za familia yake zisidaiwe wala kufichuliwa pasipo haja, na mawasiliano yake yasiingiliwe. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 nayo ilimtaka afisa wa polisi aende Mahakama Kuu kuomba amri kabla ya kunasa mawasiliano ya mtu. Desemba 2014 sheria hiyo ikaongezwa kifungu kinachoviruhusu vyombo vya usalama kunasa mawasiliano kwa utaratibu utakaowekwa na waziri. Kesi ilipelekwa mahakamani, na Februari 2015 majaji wakafuta vifungu vinane vya mabadiliko yale. Hiki cha mawasiliano hakikuwamo katika hivyo vinane. Na mwaka 2017 shirika la Privacy International lilitoa ripoti, kutokana na mahojiano na maafisa wenyewe, ikieleza kwamba kumbukumbu za simu hupatikana hata bila ya kibali cha mahakama.

Hatusemi dola ifumbe macho. Tuliwazika watu 67 wa Westgate mwaka 2013, na 148 wa Garissa mwaka 2015, na waliofanya maovu yale walidai kuyafanya kwa jina la dini yetu. Mwenye kushukiwa kwa dalili achunguzwe, na jaji aandike kibali chenye jina lake. Lakini kufungua kumbukumbu za mtaa mzima ili kutafuta wa kushukiwa ni jambo jingine kabisa.

Surat Al-Hujurat, katika aya ya 12, imekataza kupelelezana, na katazo hilo limekuja pamoja na la dhana mbaya na la kusengenya. Imepokewa katika vitabu vya wanavyuoni kwamba Sayyidna Umar (R.A.), akiwa khalifa, alisikia usiku sauti ya mtu nyumbani mwake, akapanda ukuta, akamkuta kweli katika maasi. Yule mtu akamjibu kuwa yeye ameasi mara moja na khalifa mara tatu: amepeleleza, hakupitia mlangoni, na ameingia bila ya hodi wala salamu. Umar akamwacha. Tazameni, mtu yule hakuwa msafi! Haki yake ya mlango haikutegemea usafi wake. Wazee wetu wa Lamu nao walipojenga nyumba za mawe waliupinda upito wa kuingilia, ili aliyesimama dakani asiione behewa hata mlango ukiwa wazi, na nyumba zile hazikuwa za wahalifu.

Kwa kuwa twasomwa majumbani, tuwaambie na waume: ampekuaye mkewe simu kila anapolala, na kumhesabia nambari, atadai vipi serikali imbishie hodi?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yampa kila mmoja wetu haki ya kuiuliza kampuni yake ya simu ni habari zipi imeweka juu yake na imempa nani. Mambo ya usalama wa taifa yametengwa humo, hivyo jibu huenda lisiwe kamili. Hata hivyo tuulize, tena kwa maandishi, na mbunge wetu tumwulize kwa nini jaji apitwe kando.

Ijumaa iliyopita tulionana tena na mama yule. Amempigia nduguye, alhamdulillahi. Wamezungumza dakika mbili. Habari ya mama yao, aliyelazwa hospitali tangu mfungo mosi, hakuitaja, kwani aliona wakiianza simu itakuwa ndefu.