TAHARIRI: MAJANI YACHELEWAPO KUPUKUTIKA



Ziko nchi ambazo watu wake huusoma mwaka katika majani ya miti. Huko Ulaya, Japani na Marekani ya Kaskazini, ifikapo Oktoba na Novemba, miti mingi hugeuka rangi ikawa ya manjano na nyekundu, kisha hupukutisha majani na kubaki mitupu ikingojea baridi. Watu wa huko wana desturi njema ya kuandika yale wayaonayo. Nchini Uingereza, Robert Marsham wa Norfolk alianza mwaka 1736 kuandika tarehe za dalili za majira, na ukoo wake uliiendeleza kazi hiyo hadi mwaka 1958. Nchini Japani, kumbukumbu za idara ya hali ya hewa zilizotunzwa tangu mwaka 1953 zaonyesha kuwa mti uitwao momiji sasa hugeuza rangi ya majani yake ukiwa umechelewa kwa zaidi ya majuma mawili.

Sababu yake yaeleweka. Mti wa nchi za baridi huongozwa na mambo mawili makubwa: urefu wa mchana na ujio wa baridi. Mchana hufupika tarehe zile zile za zamani, kwa maana mwendo wa dunia kulizunguka jua haukubadilika. Kilichobadilika ni baridi, ambayo yachelewa kufika. Hata hivyo si kila mti huchelewa kila mwaka. Ukame wa kiangazi waweza kuyaangusha majani mapema. Kwa hiyo wenye hekima hawahukumu kwa mti mmoja wala kwa mwaka mmoja, bali kwa daftari la miaka mingi.

Yawezekana msomaji akauliza: majani ya Japani yanatuhusu nini sisi tunaolima mahindi na mtama? Yanatuhusu sana, kwa kuwa nasi tunayo miti yetu ipukutishayo majani, na maswali yetu ni mazito kuliko yao. Kwao majani yakichelewa, ni jambo la kustaajabiwa. Kwetu majira yakipotea, ni njaa.

Tuitazame misitu ya miombo ya Tabora, Katavi na Ruvuma. Mtundu na myombo hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na majuma kadhaa kabla ya tone la kwanza la mvua huchipua majani mapya mekundu, kana kwamba umepokea habari kutoka mawinguni. Wazee wetu waliisoma dalili hiyo wakatayarisha mashamba. Lakini mti hauioni mvua ijayo. Huchipua kwa maji uliyoyahifadhi shinani na yale ambayo mizizi huyafikia chini sana ardhini, tena huamshwa na joto linalopanda mwishoni mwa kiangazi. Mvua, kwa upande wake, hufuata amri nyingine, nayo kwa sehemu kubwa ni ya bahari. Upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, yaani upande wetu, unapopata joto kupita kiasi, mvua za vuli huwa kubwa mno, kama ilivyotokea mwaka 1997, 2019 na 2023. Joto hilo linapohamia upande wa Indonesia, vuli hufifia. Kati ya mwaka 2020 na 2022, majirani zetu wa kaskazini mwa Kenya, Ethiopia na Somalia walikosa mvua za kutosha kwa misimu mitano mfululizo.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mti hufuata joto, mvua hufuata bahari, na mkulima amewekwa katikati. Joto na mvua vilipofuatana kwa karibu, dalili ya mti ilitosha. Vinapoachana, dalili ile ile iliyowaokoa babu zetu yaweza kumpotosha mjukuu.

Je, ni kweli basi kwamba majira yanahama? Yatupasa kujibu kwa uangalifu. Kuhusu joto hakuna shaka: mwaka 2024 ulikuwa wa joto kali kuliko yote iliyowahi kupimwa, ukipita wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900 kwa nyuzi 1.5 hivi. Kuhusu mvua, mambo hayaendi kwa mstari ulionyooka. Katika Afrika Mashariki mvua za masika zilipungua tangu miaka ya 1980 hadi karibu mwaka 2010, hasa kwa sababu zilichelewa kuanza na kuwahi kukoma. Kisha ikaja miaka ya masika makubwa, kama vile 2018 na 2020. Hivyo si kwamba mvua imehama ikaenda kukaa mwezi mwingine. Imekuwa kigeugeu, na inapokuja huja kwa ghadhabu. Tarehe 3 Desemba 2023, tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang liliua watu zaidi ya 80 katika eneo la Katesh. Mwezi Aprili 2024, serikali ililitangazia Bunge kuwa watu 155 walikwisha kufa nchini kutokana na mvua na mafuriko.

Sasa tuulize swali la haki: ni nani alipaye gharama ya tarehe iliyopotea? Mkulima hupanda kwa mvua ya kwanza, mvua hukatika siku ishirini, miche hukauka, hana budi kununua mbegu mara ya pili. Mbegu ya pili huipata kwa mkopo, na mkopo huo una tarehe ya kurudishwa ambayo haikuchelewa hata siku moja. Mfugaji naye, malisho yakikauka kabla ya wakati, huhamisha mifugo na kufika bondeni mazao yakiwa bado shambani. Tunakumbuka Desemba 2000, watu zaidi ya 30 walipouawa Rudewa-Mbuyuni, wilayani Kilosa, katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Mzizi wa ugomvi ule ulikuwa ardhi, wala si mvua peke yake. Lakini ardhi isiyo na mpango ulio wazi hugeuka uwanja wa vita majira yanapovurugika.

Tena bara zima la Afrika hutoa karibu asilimia 4 tu ya hewa chafu inayoupasha ulimwengu joto. Mataifa yalikubaliana huko Sharm el-Sheikh, Novemba 2022, kuunda mfuko wa kuzisaidia nchi zinazopata hasara. Msaada huo si sadaka. Ni deni, na mwenye kudai haki yake hapigi magoti.

Hata hivyo tusiufanye ulimwengu kuwa kichaka cha kujifichia. Msitu uliokatwa kwa mkaa haukukatwa na Ulaya. Kingo za mito zilizolimwa hadi majini zimelimwa na sisi, viongozi wetu wakitazama. Anayesema kila mfereji uliozibwa ni “mabadiliko ya tabia ya nchi” anataka kuikimbia hesabu.

Ndugu viongozi wa walei na wanajumuiya wote, yapo mambo tunayoweza kuyafanya bila kungoja mkutano wa mataifa.

Kwanza, tuandike. Kila kijiji kiwe na daftari: siku mvua ilipoanza, siku ilipokatika, siku miombo ilipochipua. Kipimo cha mvua ni chombo cha bei ndogo, na mtoto wa shule aweza kukisoma. Asiye na kumbukumbu hana ushahidi, na asiye na ushahidi hasikilizwi mahali panapogawanywa fedha.

Pili, utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa usomwe hadharani kwa lugha ya kueleweka, nao wazee waulizwe wameona nini. Elimu hizo mbili zisishindanishe heshima; zisahihishane.

Tatu, vyama vya akiba na mikopo viangalie upya tarehe za marejesho, na wahusika wa pembejeo wakumbushwe kwamba mbegu inayofika baada ya mvua ni mzigo tu.

Nne, wakulima na wafugaji wakae kikao kabla ya kiangazi, wapatane njia za mifugo na mahali pa maji. Kikao cha Juni ni nafuu kuliko msiba wa Desemba.

Tano, tupande miti, na tuilinde ile iliyokwisha kupandwa na Muumba kabla yetu.

Miti haisemi uongo. Husema tu kile inachokijua, nacho ni joto. Mengine yatupasa tuyapime, tuyaandike na kuyadai sisi wenyewe. Daftari la kwanza lifunguliwe kabla ya mvua zijazo.