Futeni Kisanduku cha Mkoa, Rudisheni Fomu

Fomu ya matembezi ya majira ya baridi ya chama chetu hapa Uingereza imezua ugomvi ambao hata uchaguzi wa kamati haukuwahi kuuzua. Chanzo ni kisanduku kimoja kinachomtaka mwanachama aweke alama kwenye Shinyanga au Geita. Kamati inasema ilitaka kujua nani atapika nini. Tunaamini hivyo. Hata hivyo kisanduku hicho kimetugawa, na sasa upande mmoja unasusia fomu, na upande wa pili unasusia kwa sababu wa kwanza umesusia.

Tukumbushane. Katiba yetu inataja Shinyanga peke yake kwa sababu iliandikwa kabla ya 2012. Mwaka huo mkoa wa Geita ulizaliwa kwa kumega Bukombe na Mbogwe kutoka Shinyanga, Geita na Nyang'hwale kutoka Mwanza, na Chato kutoka Kagera. Mzee wetu aliyeondoka Ushirombo, Bukombe, zamani aliondoka akiwa mtu wa Shinyanga, na ndugu zake aliowaacha pale pale leo ni watu wa Geita. Aweke alama wapi? Na wale wa Bulyanhulu, ambao kila mtu huku anawaita watu wa Geita kwa kuwa wanatoka kwenye dhahabu, wako Kahama, mkoa wa Shinyanga. Kisanduku hiki hakimsaidii hata mpishi. Kifutwe, na marekebisho ya katiba yasubiri mkutano mkuu, ambako ndiko mahali pake.

Tunasema kwa ukali kwa sababu siku yenyewe ni nzuri kuliko zote tulizowahi kuzipanga. Msimu uliopita tulikwenda sinema ya kibiashara. Tiketi zilikuwa ghali, wazee hawakufuata Kiingereza cha haraka haraka, watoto walilala, na tulipotoka giza lilikuwa limeshaingia, kila mtu akakimbilia gari lake hata kabla hatujasalimiana. Kuna wanachama wanaofanya kazi zamu za usiku kwenye nyumba za wazee, ambao kuanzia Novemba hadi Machi hawakutani na mtu wa kwao isipokuwa msibani. Hao ndio tuliowapangia siku hii: saa sita mchana kahawa na keki kwenye mgahawa wa karibu na stesheni, saa nane ukumbini kwa filamu, halafu chakula chetu, halafu filamu ya pili.

Filamu zilizopendekezwa ni Uncle JJ ya Steven Kanumba na Bongoland ya Josiah Kibira. Kanumba alizaliwa Shinyanga mwaka 1984, akapitia kundi la sanaa la Kaole, na alipofariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012 alikuwa na miaka 28 tu. Vijana wetu waliozaliwa huku wanaijua sura yake kwenye simu, lakini hawajui kwamba ni mtoto wa kwetu. Bongoland, ya 2003, inasimulia maisha ya Mtanzania anayehangaika Marekani, na picha zake zilipigwa Minnesota, kwenye baridi ambayo hii yetu ni cha mtoto. Waliokulia Katoro, Nyarugusu au Kahama mjini watakumbuka vibanda umiza: mabenchi, jenereta, na sauti ya mtafsiri juu ya sauti ya filamu. Wakae na wajukuu wao wawaeleze.

Sasa tufike kwenye jambo linalotunyima usingizi, na tunaomba lisomwe polepole. Baadhi yenu mmesema filamu zipo YouTube bure, basi tuunganishe kompyuta na projekta, imekwisha. Haijaisha. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya 1988 inahesabu kuonyesha filamu hadharani kuwa haki ya mwenye kazi, na ukumbi wenye wanachama na wageni wao si sebule ya mtu. Tunahitaji ruhusa ya maandishi ya mwenye haki wa kila filamu, na katibu anapaswa kuiomba sasa, si wiki ya mwisho.

Kuhusu leseni ya burudani, tangu Aprili 2015 maonyesho ya filamu ya jumuiya yamesamehewa, lakini kwa masharti. Yawe kati ya saa mbili asubuhi na saa tano usiku. Watazamaji wasizidi 500. Wasimamizi wa ukumbi wakubali kwa maandishi kabla ya siku. Yasifanywe kwa nia ya faida, na kwa hiyo pendekezo la kuongeza kiingilio ili tuchangie madawati ya shule kule nyumbani liahirishwe: harambee ifanywe siku yake, na michango ya siku hii ilipie gharama basi. Sharti la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Watoto wanaruhusiwa kwa kufuata daraja la umri lililotolewa na bodi ya hapa Uingereza au na halmashauri ya mji. Daraja la Bodi ya Filamu ya Tanzania halitoshi. Kama filamu haina daraja la hapa, tuiombe halmashauri itoe lake, na ombi hilo lina muda wake. Tukichelewa, tutawaambia watoto wabaki nje kwenye siku tuliyoifanya kwa ajili yao pia.

Chakula hakina utata mkubwa. Akina mama wameshaahidi michembe kwa karanga na matobolwa kwa chai, pamoja na wali na mlenda. Anayetegemea mgeni anayetoka nyumbani amwambie mapema asibebe samli wala nyama kwenye begi. Vinakatazwa mpakani na vitatupwa mbele ya macho yake.

Mweka hazina hawezi kulipa amana ya ukumbi bila kujua idadi ya watu, na idadi haijulikani kwa kuwa fomu zimekaa mezani kwenu. Tumechoka kuwapigia simu watu wazima. Kata kisanduku cha mkoa kwa kalamu, andika majina na umri wa watoto wote, tia sahihi, na mkabidhi katibu fomu pamoja na mchango wako kabla ya Jumapili. Atakayekuwa kazini ampe jirani yake aipeleke.