Kompyuta moja, kazi ya mama na gemu za mtoto

Mama mmoja wa Dar es Salaam, mpiga picha za harusi na kipaimara, alikuwa na akiba ya kununua kompyuta moja tu. Laptop yake ya zamani ilikuwa ikikwama kila akifungua picha nyingi, na wateja walishaanza kulalamika kwamba kazi zao zinachelewa.

Kijana wake wa kidato cha tatu akamwambia, "Mama, usinunue iliyofungwa tayari. Tununue vifaa kimoja kimoja, tuunge wenyewe." Kesho yake akaleta orodha. Zaidi ya nusu ya fedha ilikuwa imeishia kwenye kitu kimoja: kadi ya grafiki.

"Mwanangu, hii ni ya kazi yangu au ya gemu zako?" mama akauliza. Kijana akanyamaza.

Swali hilo ndilo mzazi anapaswa kuanza nalo kabla ya kutoa fedha, kwa sababu gemu na picha hazitumii kompyuta kwa namna moja. Gemu huegemea zaidi kadi ya grafiki. Kuhariri picha huegemea zaidi prosesa, RAM na diski yenye kasi. Kadi husaidia baadhi ya kazi za picha, kama kusafisha chengachenga za picha zilizopigwa gizani, lakini si lazima iwe ya bei ya juu.

Kwa familia yenye mahitaji yote mawili, kadi ya daraja la kati inatosha. RAM isipungue GB 16, na kwa anayehariri picha kila siku GB 32 ni nafuu kubwa. Ni vizuri ziwe vipande viwili vinavyofanana kuliko kimoja, kwani vikifanya kazi pamoja huongeza kasi.

Diski nazo ziwe mbili. SSD ibebe mfumo na kazi inayoendelea, na diski kubwa ya kawaida itunze picha za zamani. Picha moja ghafi ya kamera ya megapikseli 24 inaweza kufika MB 25 au zaidi, hivyo harusi moja yenye picha 1,000 hula GB 25 kwa urahisi. Nakala nyingine ikae nje ya kompyuta hiyo, maana picha za harusi ya mtu hazipigwi mara ya pili.

Kosa jingine ni kununua vitu visivyokubaliana. Prosesa ya tundu la AM5 haikai kwenye mazabodi ya AM4, na RAM ya DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR5. Fundi aliyeonyeshwa orodha ya kijana alikuta kosa la aina hiyo: mazabodi ya AM5, RAM ya DDR4. Fedha ingepotea hapo.

Pawa saplai isiwe ya kubahatisha. Ikiwa dhaifu au duni inaweza kuzima mashine katikati ya kazi, au kuharibu vifaa vingine. Panapokatika umeme mara kwa mara, UPS humpa mtu dakika za kuhifadhi kazi na kuzima taratibu.

Kinachosahaulika zaidi ni kioo, na ndicho macho yanachokitazama siku nzima. Kwa picha, kifaa cha aina ya IPS kinachoonyesha rangi za sRGB kikamilifu ni cha maana kuliko taa za kumetameta kwenye kasha. Kikiwa na kasi ya Hz 144, gemu nazo hutulia.

Kikae umbali wa mkono ulionyooshwa, ukingo wa juu usizidi usawa wa macho. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita sita kwa sekunde 20. Kiti kinachoshika mgongo nacho kiingie kwenye bajeti.

Kuhusu gemu zenyewe, Shirika la Afya Duniani (WHO) limeliweka tatizo la gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Si kila mtoto apendaye gemu ni mgonjwa. Dalili ni kushindwa kujizuia, kuzipa gemu nafasi ya kwanza kuliko mambo mengine, na kuendelea hata madhara yanapoonekana, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na mara nyingi huo ndio wa kwanza kuliwa.

Mama na mwanawe waliiandika orodha upya. Kadi ilishuka daraja, RAM ikapanda, kioo kizuri kikapata nafasi. Mashine ikawekwa sebuleni, si chumbani kwa kijana, na siku za shule gemu zinakoma saa tatu usiku. Mama naye alikubali sharti la mwanawe: asihariri picha hadi usiku wa manane.

"Kadi kubwa tutaongeza baadaye, nafasi yake ipo," kijana alisema wakifunga kasha.

"Tutaona matokeo ya mtihani kwanza," mama akajibu.