Roboti Haishiki Chaki

Siku hizi maneno haya yanasikika hata huku Kalundu: "Nunueni roboti, na watoto wenu watapata pointi nzuri." Wazazi wenzangu, msidanganyike upesi.

Hatukatai mashini. Mwaka 2013 Mama Thérèse Izay Kirongozi, injinia Mkongo, alisimamisha roboti za aluminiamu katika njia panda za Kinshasa ziongoze magari kwa nguvu ya jua. Basi mtu asiseme kwamba hayo ni mambo ya Wazungu peke yao.

Lakini roboti ya shule ni kitu gani? Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, mmoja wa walioanza kazi hiyo huko Marekani, hakutaka mashini imfundishe mtoto. Alitaka mtoto aifundishe mashini! Kobe wake wa chuma alitembea sakafuni akichora mstari, akifuata amri za mtoto. Hapo ndipo penye faida. Mwambie mtoto amwamuru kobe achore mraba: hatua kumi, geuka digrii 90, mara nne. Vyema. Sasa pembetatu yenye pande sawa. Atasema digrii 60, maana ndivyo alivyokariri kitabuni. Kumbe! Kobe atachora pande tatu, na umbo litabaki wazi kama nyumba isiyo na mlango. Mtoto atakuna kichwa, atajaribu tena, mwisho atagundua 120. Hesabu hiyo haitamtoka tena.

Nauliza: kazi hiyo yataka dola ngapi? Mfunge mtoto mmoja kitambaa machoni, mweke uwanjani, wenzake wamwamuru. Roboti wenu ndiye huyo, naye hazimiki umeme ukikatika.

Kinachokosekana ni mwalimu mwenye nafasi ya kumtazama kila mtoto. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali, pamoja na zile zinazosimamiwa na Kanisa, ni bure. Jambo jema kabisa. Lakini madarasa yalifurika, na walimu wengi walibaki bila mshahara. Hapo mtu alete roboti moja kwa watoto sitini? Itafungiwa kabatini, itolewe siku ya mgeni, ipigwe picha, irudishwe.

Anayetaka kuileta, aseme kwanza: nani atawazoeza walimu, nani atanunua betri, na mtoto wa benchi la nyuma ataishika siku gani? Akishindwa kujibu, fedha hiyo apewe mwalimu anayefundisha bure.