Kipaza sauti cha kondensa chini ya paa la bati



Juma lililopita nilipokea barua ya mama mmoja wa Nyangamara, mkoani Lindi. Mumewe na kijana wao hawazungumzi vizuri tangu korosho zilipouzwa. Kijana amesoma Qur'ani kwa mwalimu mzee wa hapo kijijini, na anaomba sehemu ya fedha za mavuno inunuliwe kipaza sauti ili amrekodi mwalimu wake maadamu pumzi bado ipo. Baba anaona hiyo ni israfu: simu wanayo, na simu inarekodi. Mama anauliza ni nani mwenye haki. Na kama ni kijana, wanunue kipi kisichowafilisi.

Nianze na hoja ya baba, kwani ina uzito. Simu inarekodi, na kwa mazungumzo ya kawaida inatosha kabisa. Lakini imeundwa ili maneno yafahamike, haikuundwa kwa ajili ya makhraji. Aghalabu programu yake hufuta kile inachokidhania kuwa kelele, hupandisha sauti ndogo na kuibana kubwa bila ya kuulizwa. Kisha ukiituma rekodi kwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti, hubanwa tena. Mwenye kutoa salamu za harusi hapotezi kitu hapo. Msomaji wa Qur'ani hupoteza kingi. Sini na thaa hutofautiana kwa ule mvumo mwembamba wa juu, nao ndio unaokatwa mwanzo. Haa ya kooni humezwa na pumzi. Na mwalimu anapoishusha sauti taratibu mwishoni mwa aya, simu hudhani inafifia, ikaipandisha.

Mwaka 1961 ilianza kusambazwa nchini Misri rekodi ya Qur'ani nzima kwa tartili, msomaji akiwa Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary. Sheikh alifariki mwaka 1980, na hadi leo watoto wa madrasa zetu humfuatisha herufi kwa herufi. Rekodi haishiki nafasi ya kukaa mbele ya mwalimu akakusahihisha. Hilo kijana analijua kuliko mimi. Lakini ikiwa rekodi ni ya kubaki, na ibaki herufi yenyewe, usibaki ukungu wake.

Sasa, kwa nini kondensa? Ndani yake mna utando mwembamba mno uliokaa mbele ya bamba lenye chaji ya umeme. Sauti ikiutikisa utando, nafasi kati ya viwili hivyo hubadilika, na badiliko hilo ndilo linalogeuka kuwa rekodi. Utando huo ni mwepesi, hivyo hufuata hata mtetemo mdogo kabisa. Kile anachoadhinia muadhini msikitini kwa kawaida ni cha aina ya dainamiki: utando wake umebebeshwa koili ya waya ndani ya sumaku, na kwa mzigo huo husikia vyema kilicho karibu na kukiacha cha mbali. Mzee mwenye sauti dhaifu anafaidika na kondensa. Kwa hiyo nampa haki kijana, ila kwa sharti moja nitakalolitaja.

Madukani atakutana kwanza na kile kiitwacho BM-800, cha rangi nzuri, pamoja na stendi na sponji yake, kwa bei ndogo sana. Mimi nilikinunua. Umbo lake ni la kondensa kubwa, lakini vingi vya namna hiyo ndani vina kidude kidogo cha kawaida, na nilipokichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta nilirekodi mchirizo kama wa mafuta kikaangoni, na sauti yangu nyuma yake. Sikishauri.

Vyenye kutegemewa kwa bei ya chini ni kama Behringer C-1, na juu yake kidogo Audio-Technica AT2020, ambacho Marekani kiliwahi kuuzwa kwa karibu dola 100. Hapa kwetu tarajieni zaidi. Vyote viwili hutumia waya wa pini tatu na vinahitaji umeme wa volti 48, ambao simu wala kompyuta haitoi. Kwa hiyo lazima kiongezwe kisanduku cha kati, mafundi wetu hukiita saundi kadi; Behringer UM2 ni miongoni mwa vya bei nafuu vyenye volti hizo. Baba ahesabu vyote kwa pamoja: kipaza sauti, kisanduku, waya, stendi. Wengi hununua cha kwanza kisha hukaa nacho kabatini mwaka mzima. Ikiwa jumla inawazidi, AT2020 ipo pia ya kuchomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB, isiyohitaji kisanduku. Kompyuta ya mkononi yenye betri nzima ni bora, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya sura haiwapotezei kazi.

Na sharti langu ni hili: kondensa husikia nyumba nzima. Bati linaponyooka kwa jua husikika. Jogoo husikika, bodaboda ya barabarani husikika, na ukuta wa saruji hurudisha sauti kama mtungi mtupu. Kipaza sauti cha bei kubwa katika chumba kitupu hushindwa na cha bei ndogo katika chumba kilichotandikwa. Basi sehemu ya fedha ibaki kwa chumba, na karibu yote imo ndani ya nyumba ya mama: magodoro ya sufi yasimamishwe nyuma na ubavuni mwa msomaji, mablanketi yatundikwe, mkeka na zulia vitandikwe chini. Siku ya mvua wasijaribu kabisa. Baada ya Isha, watoto wakishalala, ndio wakati.

Mgongo wa kipaza sauti uelekee dirishani, kwani aina hizi husikia mbele na kupuuza nyuma. Na mbele yake ni ubavuni, penye nembo, si kichwani. Nimeona watu wazima wakikisomea utosini, kisha wakalaumu duka. Mwalimu akae umbali wa shibiri moja au mbili, akiwa ameelekea pembeni kidogo ili pumzi ya baa isikipige. Soksi nyembamba ya kike iliyovutwa juu ya duara la waya huzuia pumzi hiyo vizuri tu. Wakirekodi kasida, dufu likae mbali, hatua tatu au nne.

Hewa ya pwani ina unyevu, na unyevu hukitia kondensa mikwaruzo. Kikitumika, kirudi kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya punje vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Mama, katika barua yako hukusema kama mwalimu mwenyewe ameulizwa. Kijana aende kwake kabla fedha haijatoka, pamoja na baba yake, wamwombe ruhusa, na wamwulize angependa kuanzia juzuu ipi. Kwa pumzi aliyonayo, huenda akachagua Juzuu Amma, aya chache kila usiku.